Mwongozo kamili wa kukusanya litografia za Norman Rockwell zenye sahihi yake

Norman Rockwell alizaliwa New York mwaka 1894 na kufariki Stockbridge, Massachusetts, tarehe 8 Novemba 1978. Kati ya mwaka 1916 na 1963 alichora majalada zaidi ya 300 ya jarida la The Saturday Evening Post, na kwa miaka hiyo Wamarekani wengi walijiona wao wenyewe kupitia brashi yake. Michoro yake halisi ya rangi ya mafuta imeshatoka mikononi mwa watu wa kawaida. Saying Grace, aliyoichora mwaka 1951, iliuzwa kwenye nyumba ya mnada ya Sotheby's mwezi Desemba 2013 kwa dola milioni 46. Anayempenda Rockwell na hana mamilioni hubakiwa na njia moja nzuri, nayo ni chapa za idadi maalumu zilizotolewa hasa miaka ya 1970, kila moja ikiwa na namba na sahihi yake ya penseli chini ya picha.

Chapa hizo zipo nyingi kiasi cha kupatikana, na ni chache kiasi cha kuthaminiwa. Kwa sababu hiyohiyo soko lake lina feki, lina mabango yanayouzwa kama litografia, na lina wauzaji waaminifu wasiojua wanachouza. Ninachosisitiza tangu mwanzo hadi mwisho ni kwamba karatasi yenyewe ndiyo shahidi wa kwanza. Cheti, maneno ya muuzaji na hadithi ya familia vyote vifuate nyuma yake.

Hatua ya 1: Fahamu kilichopo chini ya sahihi

Litografia ilibuniwa na Alois Senefelder huko Ujerumani kuelekea mwisho wa karne ya 18. Kanuni yake ni kwamba mafuta na maji havichanganyiki. Msanii anachora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa vizuri au bamba la zinki au alumini. Jiwe linalowanishwa, kisha wino wa mafuta unapitishwa juu yake. Wino unashika pale penye mchoro tu, na sehemu yenye unyevu inaukataa. Karatasi inakandamizwa juu, picha inahamia. Kila rangi ina jiwe au bamba lake, kwa hiyo picha ya rangi kumi inapita kwenye mashine mara kumi.

Hapa kuna ukweli ambao maduka mengi huupitia juujuu. Rockwell hakuwa mtu wa kuchora juu ya mawe. Alikuwa mchoraji wa rangi ya mafuta, akifanya kazi kutokana na picha za kamera za majirani zake aliowapanga kama waigizaji. Chapa nyingi zenye sahihi yake zilitengenezwa na mafundi wa karakana waliofuata michoro aliyokuwa ameshaimaliza miaka mingi nyuma, kisha yeye akazisaini. Mfano mzuri ni picha nane za rangi alizochorea toleo la Tom Sawyer lililotoka mwaka 1936. Miaka ya 1970 zilirudi sokoni kama seti ya litografia zenye sahihi.

Sisemi haya ili kuzishusha. Mafundi wale walikuwa hodari, na mzee aliziona na akaweka jina lake. Lakini bei ya chapa hizi inabebwa na mambo matatu: sahihi, uchache, na mvuto wa picha. Mkono wa msanii juu ya jiwe haumo. Anayekuuzia kwa hoja kwamba Rockwell aliichora mwenyewe juu ya jiwe, mshukuru na uondoke.

Utakutana pia na neno kolotaipu. Baadhi ya chapa za Rockwell ni za aina hiyo, si litografia, ingawa wauzaji huziweka kwenye kapu moja. Kolotaipu hutumia bamba lililopakwa jelatini inayogandishwa na mwanga. Jelatini hiyo huchakaa haraka, ndiyo maana idadi ya nakala huwa ndogo. Ni kazi ya hali ya juu na haina aibu yoyote, ila iandikwe kwa jina lake.

Hatua ya 2: Tenga chapa na mabango

Mwaka 1943, Rockwell alitoa picha nne za Uhuru Nne, zilizotokana na hotuba ya Rais Roosevelt ya Januari 1941. Serikali ya Marekani ilichapisha mabango yake kwa mamilioni ili kuuza hati fungani za vita. Mabango hayo ni ya kale, yana thamani ya kihistoria, na mengine ni mazuri sana. Lakini kitaalamu yamechapwa kwa ofseti, uchapaji wa mashine za kiwandani, ambayo nayo ni tawi la litografia, kwa hiyo muuzaji anaweza kuandika "litografia ya Rockwell, 1943, yenye sahihi" bila kusema uongo wa moja kwa moja. Sahihi inayozungumziwa ni ile iliyomo ndani ya picha, iliyochapwa pamoja na rangi nyingine.

Vivyo hivyo kwa majalada yaliyokatwa kwenye majarida ya zamani na kutiwa fremu. Mwaka ulioandikwa kwenye tangazo ukiwa ule wa jalada lenyewe, mathalani 1948 kwa Gossips au 1958 kwa The Runaway, uliza mara moja: chapa hii ilitolewa mwaka gani, na nani aliitoa? Chapa iliyosainiwa kwa penseli lazima iwe imetoka Rockwell akiwa hai na mkono wake ukiwa na nguvu. Tarehe ya kuchapwa ikiwa baada ya Novemba 1978, penseli hiyo si yake.

Hatua ya 3: Ikague karatasi kwa lenzi

Nunua lenzi ya mkononi inayokuza mara 10, ile wanayotumia masonara. Ni kifaa cha bei ndogo kitakachokuokolea pesa nyingi. Iweke juu ya sehemu yenye rangi laini, kama shavu la mtoto au anga, usogeze jicho karibu.

Ukiona vitone vidogo vya buluu, waridi, njano na nyeusi vilivyopangwa kwa mistari, vikitengeneza duara mithili ya maua madogo, hiyo ni ofseti ya kawaida ya kiwandani, teknolojia ileile inayochapa kalenda. Ukiona chembe zisizo na mpangilio, kama alama ya kreyoni iliyopita juu ya ukuta usio laini, na rangi moja ikiwa imelala juu ya nyingine kwa eneo zima, uko kwenye litografia ya mkono. Ukiona mikunjokunjo midogo sana inayojipinda kama minyoo, bila vitone na bila chembe za kreyoni, hiyo ni jelatini ya kolotaipu. Fanya zoezi hili nyumbani kwanza kwa kalenda na jalada la gazeti, jicho lizoee, ndipo uende mnadani.

Kisha pindua macho kwenye karatasi. Chapa za heshima za miaka ile zilichapwa kwenye karatasi nzito ya pamba, mara nyingi za Arches au Rives kutoka Ufaransa. Inyanyue mbele ya dirisha na utafute alama ya maji yenye jina la kiwanda. Angalia pia pembeni chini kama kuna muhuri mkavu, ule usio na wino, wa mchapishaji au karakana. Upapase kwa kidole safi na utausikia. Kingo za karatasi nazo zinasema. Nyingi zilikuwa na ukingo wa asili usiokatwa, wenye manyoyanyoya. Ukikuta pande zote nne zimenyooka kama zimepitishwa wembe, linganisha vipimo na vya nakala nyingine za picha hiyohiyo zilizopita mnadani. Karatasi iliyopunguzwa imepungua na thamani.

Hayo yote hayawezekani picha ikiwa ndani ya fremu. Omba itolewe. Muuzaji akikataa na bei ni ya maana, acha.

Hatua ya 4: Soma sahihi na namba

Kwenye michoro yake mingi Rockwell aliandika jina kwa herufi kubwa zilizosimama, moja moja, kama za kibao cha duka. Hiyo utaiona ndani ya picha na ni sehemu ya uchapaji. Sahihi unayoilipia iko nje ya picha, kwenye pambizo ya chini, kwa kawaida upande wa kulia, imeandikwa kwa mwandiko wa kuunganisha na kwa penseli.

Inamishe karatasi mbele ya taa. Risasi ya penseli hung'aa kidogo ikipigwa na mwanga wa ubavuni, na chini ya lenzi inaonekana imekaa juu ya nyuzi za karatasi, ikiruka mabonde. Sahihi iliyochapwa ni bapa na weusi wake ni sawia mwanzo hadi mwisho. Mkono wa mtu anayeandika hukandamiza kwa nguvu hapa na kulegea pale. Usiifute, usiijaribu kwa kifutio, wala usiruhusu mtu kufanya hivyo.

Linganisha na sahihi nyingi, si moja. Kumbukumbu za minada ya Heritage Auctions ya Dallas ziko wazi kwa aliyejisajili, na picha zake zinakuzwa vizuri. Fungua nyingi za miaka ya 1970, uzitazame kwa pamoja. Mwandiko wa mzee wa miaka zaidi ya 80 unatetemeka na kusinyaa, kwa hiyo udhaifu wa mstari peke yake haumaanishi ni feki. Cha kuogopa ni mstari uliochorwa polepole kwa uangalifu, wenye vituo katikati ya herufi, kwa sababu mtu hasaini jina lake kwa kusita.

Upande wa kushoto kuna namba, tuseme 45/200. Mia mbili ni idadi ya nakala zenye namba, na 45 ni jina la hii yako. Namba ndogo haimaanishi imechapwa mapema au ni bora zaidi, maana karatasi husainiwa kwa mpangilio wowote zinavyoshikwa. Badala ya kuhangaika na namba, uliza idadi kamili. Mbali na zile 200 huenda kuna nyingine zenye namba za Kirumi, nyingine kwenye karatasi ya Kijapani, nyingine zimeandikwa A.P. au E.A., yaani nakala za msanii, na nyingine H.C., zilizokusudiwa zisiuzwe ingawa nyingi ziliishia sokoni. Ukizijumlisha, toleo la 200 linaweza kuwa kubwa kuliko ulivyodhani.

Hatua ya 5: Karatasi za uthibitisho, na mipaka yake

California ina sheria ya chapa za sanaa tangu miaka ya 1970, na New York ina ya kwake pia. Muuzaji anatakiwa aeleze kwa maandishi jina la msanii, njia iliyotumika kuchapa, kama sahihi ni ya mkono, na ukubwa wa toleo. Ukinunua kwenye majimbo hayo, dai maelezo hayo kwa maandishi. Cheti kizuri kina jina la mchapishaji, mwaka wa kutolewa, karatasi iliyotumika, na namba inayolingana na iliyo kwenye picha. Cheti chenye maneno "tunathibitisha ni halisi" na muhuri wa dhahabu ni pambo.

Kisa cha Breaking Home Ties kinastahili kukaa kichwani mwa kila mkusanyaji wa Rockwell. Mchora katuni Don Trachte aliununua mchoro huo mwaka 1960 kwa dola 900, kutoka kwa Rockwell mwenyewe. Huwezi kupata historia ya umiliki iliyonyooka kuliko hiyo. Miaka ya baadaye akatengeneza nakala yake kwa siri, akaitundika, na halisi akauficha nyuma ya ukuta wa bandia nyumbani kwake Vermont. Baada ya kifo chake nakala hiyo ilikuwa ikioneshwa Norman Rockwell Museum, Stockbridge, na wataalamu walioona dosari za rangi walidhani ni usafishaji mbaya wa zamani. Mwaka 2006 wanawe waligundua ufa kwenye ukuta, wakauvuta, na halisi ukatokea. Novemba ya mwaka huo uliuzwa kwa dola milioni 15.4.

Karatasi zote za umiliki zilikuwa za kweli. Kitu kilichoning'inia ukutani ndicho hakikuwa. Macho ya wataalamu yalikuwa yameshaona tatizo, lakini yakazidiwa na nguvu ya nyaraka. Basi jicho lako likikuambia kuna kitu hakijakaa sawa, usikubali kunyamazishwa na bahasha ya vyeti.

Hatua ya 6: Bei

Usitazame bei zinazoombwa, tazama zilizolipwa. Maduka ya maeneo ya watalii hudai hata mara kadhaa ya kile picha hiyohiyo inachopata mnadani. Kwenye minada ya Marekani, chapa nyingi za Rockwell zenye sahihi hupita kati ya mamia ya dola na elfu chache. Zinazopendwa na kila mtu, kama Gossips na Triple Self-Portrait, zinapanda zaidi. Chukua mauzo kadhaa ya picha ileile, yenye hali inayofanana, ya miaka ya karibuni, upate bei ya kati. Kisha ongeza ada ya mnunuzi, ambayo nyumba nyingi za mnada hutoza robo ya bei hivi au zaidi, na usafirishaji juu yake.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni kununua picha moja bora kuliko tatu zilizochoka. Na nunua ile utakayoitazama kila siku bila kuichoka. Soko la chapa za Rockwell halijawahi kuwa mahali pa kutajirika haraka, na waliolichukulia hivyo wamejikuta na fremu wasizozipenda.

Hatua ya 7: Hali ya picha

Adui mkubwa ni fremu mbovu ya zamani. Kadibodi ya bei nafuu inayozunguka picha ina asidi, na baada ya miaka inaacha mstari wa kahawia kuzunguka picha yote, kama kivuli kilichogoma kuondoka. Fungua na uangalie mstari huo, na geuza nyuma: ukikuta karatasi imekuwa na rangi ya chai, asidi imeshaingia. Tazama madoa madogo ya rangi ya kutu, ambayo mara nyingi hutokana na ukungu. Linganisha rangi iliyofunikwa na kadibodi na ile iliyokuwa wazi, maana nyekundu na waridi hufa mapema kwa jua. Jambo baya kuliko yote ni picha iliyogandishwa kwa gundi juu ya ubao. Hiyo karibu imeshauawa, na bei iseme hivyo.

Madoa ya kutu na mstari wa kadibodi mtaalamu wa kuhifadhi karatasi anaweza kuvipunguza. Rangi iliyopauka hairudi.

Hatua ya 8: Kununua na kusafirisha

Kwa anayeishi Marekani, fursa nzuri ziko kwenye minada midogo ya mikoa na mauzo ya mali za marehemu, hasa New England, ambako Rockwell aliishi Vermont na baadaye Massachusetts. Omba ripoti ya hali kwa maandishi pamoja na picha za sahihi, namba, kingo, na nyuma ya karatasi. Lipa kwa njia inayokuruhusu kudai pesa zako kitu kikija tofauti na maelezo, na kabla ya kulipa hakikisha una haki ya kurudisha, kwa siku zilizotajwa.

Picha isafirishwe bila kioo, ikiwa bapa kati ya mbao mbili ngumu, imefungwa kwa karatasi isiyo na asidi, kisha plastiki dhidi ya mvua. Kuviringisha ndani ya bomba ni kwa dharura, na bomba liwe pana. Karatasi ya miaka ya 1970 iliyokaa bapa muda wote hupata michirizi ikikunjwa ghafla.

Ukiipeleka Nairobi au Dar es Salaam, zungumza na wakala wa forodha kabla haijaondoka. Mfumo wa kimataifa wa forodha una kifungu 9702 cha litografia halisi, lakini kinataka bamba liwe limetengenezwa lote kwa mkono wa msanii, bila njia za mashine au kamera. Kama nilivyoeleza, chapa nyingi za Rockwell hazitimizi sharti hilo, na afisa anayeijua kazi yake anaweza kuziweka kwenye fungu la picha za kuchapwa. Hesabu pia VAT, ambayo ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania. Ankara ionyeshe bei uliyolipa kweli.

Hatua ya 9: Fremu na hifadhi

Kadibodi ya mbele na ya nyuma iwe ya pamba asilimia 100, isiyo na asidi. Picha ining'inizwe kwa vipande vidogo vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, ambayo hutoka kwa maji siku ikihitajika. Selotepu isiguse kabisa. Kioo au akriliki iwe ya kuzuia miale ya jua, na isigusane na picha. Fundi wengi wa mtaani ni stadi wa mbao lakini hawana vifaa hivi, kwa hiyo nunua kadibodi na gundi mwenyewe umpelekee, ukae umuone akifanya.

Jua la moja kwa moja lisiifikie. Unyevu wa hewa ukae karibu asilimia 50. Kwa Mombasa, Tanga au Unguja hilo lina maana ya chumba chenye kiyoyozi au mashine ya kupunguza unyevu, la sivyo ukungu na wadudu wala karatasi watakutangulia. Usiitundike kwenye ukuta wa nje unaofyonza mvua, na acha nafasi ya hewa nyuma ya fremu kwa kubandika vipande vidogo vya mpira kwenye pembe za chini.

Hatua ya 10: Faili

Kabla fremu haijafungwa, piga picha ya karatasi yote mbele na nyuma, ya sahihi kwa karibu, ya namba, ya muhuri mkavu na alama ya maji. Andika vipimo vya picha na vya karatasi kwa sentimita. Weka pamoja ankara, cheti, ripoti ya hali, na anwani ya mnada pamoja na namba ya bidhaa. Nakala moja ikae nje ya nyumba au mtandaoni, na kampuni ya bima ipewe ya kwake. Usiandike chochote kwenye karatasi ya picha, hata kwa penseli upande wa nyuma. Na mwambie mke, mume au mtoto faili liko wapi, maana mauzo mengi ya bei ya kutupa hufanyika siku familia inapokuta fremu ukutani na hakuna anayejua kilichomo.